Babu Aliyekufa na Miaka Tisa

Aflah, vuta kiti. Shurooq, punguza hiyo mashine ya hewa, inanguruma kuliko mimi, nami sina sauti ya kushindana nayo. Namshukuru Mola aliyenipa miaka sabiini na minane na akaniachia ulimi mpaka alasiri ya leo, na nashuhudia kwamba hapana wa kuabudiwa ila Yeye, na kwamba nnayoyasema nayasema kwa akili zangu, si kwa homa wala kwa dawa. Wanangu mko wawili. Mama yenu Ruqaya alitangulia, na haya alikufa hayajui, kwa hivyo asilaumiwe mtu kaburini.

Mali nitaitaja kwanza kwa kuwa ndiyo fupi. Nyumba hii ya Ansab, hapa Maskati, sheria imekwisha kuigawa, siongezi wala sipunguzi. Fleti ya Darsait imo ndani ya theluthi ambayo sheria inaniachia kuusia, na nimewausia watoto wa marehemu Hamoud, na sababu yake mtaisikia. Nguo zangu wapeni wanaohitaji. Khanjari yangu ya fedha, ile niliyovaa katika kila harusi ya kabila kwa miaka khamsini, iuzeni, asiivae mtu wa nyumba hii.

Sasa n'sikilizeni. Alkhamisi Balqees anaolewa, binti yako Aflah, mjukuu wangu, anaingia katika nyumba kubwa ya kabila letu, na leo asubuhi umenibusu mkono ukaniomba ninyamaze mpaka harusi ipite. Sitanyamaza. La kuvunda halina ubani, na hili limevunda miaka khamsini chini ya zulia mnalokanyaga. Kabila letu si letu.

Kila karatasi mliyonayo, pasi, cheti cha kuzaliwa, hata kadi ya mwaliko ya Balqees iliyopigwa chapa ya dhahabu, imenitaja mimi Musallam bin Nasr bin Seif. Seif alikuwepo. Alikuwa mtoto wa mwenye shamba la mikarafuu kule Dole, Unguja, akafa kwa ndui na miaka tisa. Hakuoa, hakuzaa, meno yake ya utoto yalikuwa hayajamalizika kung'oka. Huyo ndiye babu mnayejivunia. Babu yangu wa kweli aliitwa Feruzi, na kazi yake katika nyumba ile ilikuwa kumbeba Seif mgongoni kumpeleka chuo cha Kurani na kumngoja nje mpaka amalize kusoma. Alikuwa mtumwa, Aflah. Usitazame mlango, nitazame mimi. Alikuwa mtumwa, yeye na mwenzake Mabruki, walionunuliwa siku moja na kulazwa jamvi moja, na Mabruki ndiye babu wa Hamoud, na Hamoud ndiye baba wa Hatem, na Hatem ndiye mwanamume uliyemtaka, Shurooq, nami nikakunyima kwa kuwa babu wa baba yake alikuwa mtumwa.

Sijamaliza. Baba yangu Nasr alipewa jina na nyumba ile, akavaa kama wao, akasema kama wao, na mwaka wa sitini na nne mapanga yalipokuja hayakumuuliza anatoka upande gani wa nyumba. Nilikimbia nikiwa kijana, mimi na Hamoud, tumeshikana mikono kama watoto, tukahangaika nchi za watu mpaka mwaka wa sabiini na moja tulipofika Maskati. Tukapanga chumba kimoja Darsait. Nikamwoa mama yenu, akazaliwa Aflah. Kazi zilikuwepo, lakini kazi ilitaka pasi, na pasi ilitaka shekhe wa kabila aseme, huyu wetu. Mwaka wa sabiini na nne tukapanda Landrova kwenda bara, mbali na Maskati, kwa shekhe wa kabila la yule bwana wa Dole, na njiani Hamoud akaniambia maneno ambayo nayakumbuka kuliko sura niliyokuwa nikiisoma kimoyomoyo.

"Ukijishuhudia mwenyewe, nani atakuamini?" alisema. "Kila siku wanakuja watu kutoka Afrika na mababu mikononi. Lakini mtumwa akisimama akasema huyu bwana wangu, nani atambishia? Hapana mtu anayejidhalilisha kwa uwongo."

Nikamwambia, "Na wewe je?"

"Wewe una mke na mtoto mchanga. Tangulia. Mwaka ukigeuka, utakuja wewe bwana mkubwa unishuhudilie mimi, useme ulikosea, Hamoud ni binamu yako." Akacheka. "Ila usije ukaniagiza kahawa mbele za watu."

Basi tukakaa barazani kwa shekhe, watu wamejipanga ukutani, tende katikati. Shekhe akauliza nani anamjua babu wa kijana huyu. Hamoud akasimama akasema, mimi namjua, ni Seif mwana wa fulani, na babu yangu alikuwa mtumwa wake, alimbeba mgongoni. Aliitoa habari ya Feruzi akampa Mabruki, na ilikuwa kweli tupu isipokuwa majina. Shekhe alilia. Nikaandikwa mtoto wa damu. Hamoud akaandikwa palepale, bila ya kuomba, mtu wa kabila kwa kuachwa huru, na maandishi hayo hayakumtoka yeye wala watoto wake.

Mwaka ukageuka. Ikageuka mitano, ikageuka ishirini. Sikwenda. Mwanzo nilisema ngoja nipate kazi, kisha ngoja nipande cheo, kisha sikusema kitu. Kila Idi Hamoud alikuja kunipa mkono na akanitazama, na hakuniuliza hata siku moja. Fadhila ya punda ni mateke, na punda ndiye mimi.

Nipe maji. Kidogo tu.

Mwaka wa tisiini na tisa, kampuni ya gesi ilinipeleka Japani miezi sita kujifunza kazi ya meli za gesi. Mnakumbuka, niliwaletea pepeo za karatasi. Hamkujua nilileta na jambo jengine. Nilipewa kijana wa kunitembeza, Morikawa, mpole, ana mchumba, anakaribia kuoa, na siku moja ya mapumziko akanipeleka kwenye hekalu la Kishinto karibu na mji wa Nara, walilomjengea mfalme wao wa kwanza, jina lake Jimmu. Pana lango la magogo, miguu miwili na maboriti mawili juu, halina mlango. Pana kokoto pana kama kiwanja cha ndege, zimechanwa kwa reki. Watu wanaosha mikono na vinywa kabla ya kukaribia, nikakumbuka udhu, nikasimama pembeni na viatu vyangu. Morikawa akainama mara mbili, akapiga makofi mawili, akainama tena. Nilimuuliza, kwa Kiingereza chetu kibovu, mfalme huyu aliishi lini. Akasema inasemekana miaka elfu mbili na mia sita iliyopita, na kwamba aliishi miaka mia moja na ishirini na saba.

"Nani alimwona?"

"Hapana aliyemwona," alisema. "Lakini kaburi lake lile pale." Na hekalu lenyewe, akanambia, wala si la kale, halikuwa limetimiza miaka mia na kumi.

Sikucheka ibada ya watu. Nilikuwa nimemtambua jamaa yangu. Mfalme wao aliishi mia na ishirini na saba, babu yangu aliishi tisa, na wote wawili wamezaa. Nikaona kwamba mtu hahitaji kuwepo ili awe babu, anahitaji watu wa kuinama na kokoto za kuchana. Tangu siku ile nilifarijika, wanangu. Hilo ndilo nililolipata pale hekaluni, faraja, na faraja hiyo ikanifanya mbaya zaidi.

Kisha Morikawa akanionyesha kilima nyuma ya kaburi, miti mitupu. Akasema bibi yake alizaliwa pale. Nikamwambia sioni nyumba. Akasema zilikuwepo, zaidi ya mia mbili, lakini kutoka madirishani mwao kaburi la mfalme lilionekana kwa chini, na watu wa aina yao, wachuna ngozi tangu na tangu, haikuonekana vyema wamtazame mfalme kwa juu. Wakahamishwa, kijiji kizima, na maiti zao zikafukuliwa zikahamishwa nao. Watu hai, wenye majina, walihamishwa wasimkere mtu ambaye hapana aliyemwona. Aliyasema hayo kama anayesoma ratiba ya treni. Hakunambia nifiche. Alidhani mtu mzima anajua.

Mimi nilijua ya kwetu tu. Kwetu ukitaka kumpandisha mtu unamtaja kwa watu wake, na kukaa jirani na kaburi la mkubwa ni sharafu. Karamu ya kuniaga, mkuu wa idara yupo, ambaye mchumba wa Morikawa alikuwa mpwa wake, nikasimama na glasi ya maji ya machungwa nikasema, "Huyu Morikawa msimwone hivi, wazee wake walikuwa majirani wa mfalme wenu wa kwanza, kilimani juu ya kaburi lenyewe, mpaka wakahamishwa kwa heshima yake." Nilidhani nampamba. Mkuu wa idara aliiweka chini glasi yake akaizungusha, akaizungusha, na hakumtazama tena Morikawa mpaka karamu ikaisha. Wiki haikutimia, uchumba ukavunjwa.

Alinisindikiza uwanja wa ndege vilevile, akanibebea sanduku. Akainama akasema, "Bwana Musallam, wewe hukujua. Mimi nilijua na bado nilikwambia. Kosa ni langu." Nimetukanwa na watu wengi, lakini hayo maneno ndiyo ninayoyasikia ninapofumba macho, na hayakuwa matusi.

Mtu mwengine angerudi na huruma. Mimi nilirudi na khofu. Nilikuwa nimeona jinsi mtu anavyomalizika mezani kwa sentensi moja, nikaapa isiwe sentensi hiyo itakayosemwa kwangu.

Ndipo ikaja posa yako, Shurooq. Mwaka wa elfu mbili na tatu. Ulikuwa na miaka ishirini na mitano, umetoka chuo cha ufamasia, na Hatem ana karakana yake Rusayl ya kutengeneza majenereta, kijana mwenye mikono safi ingawa kazi yake ni mafuta machafu. Nilimpenda kuliko nilivyompenda Aflah. Ndiyo, Aflah, limeze hilo. Hamoud akaja naye, na wazee wanne, wakakaa hapa chini sebuleni. Nikammiminia Hamoud kahawa kwa mkono wangu, naye akakiweka kikombe chini hakukinywa, na nyote mnajua maana yake: mgeni ana haja, na hanywi mpaka mwenye nyumba amkidhie. Akasema, "Musallam, nimekuja kwa haja." Alinitazama kama anavyonitazama Idi. Hakuja kuomba mke tu. Alikuja kunipa nafasi ya kulipa bila ya kusema neno, tuoane, damu zichanganyike, mambo yaishe.

Na mimi nilimjibu hivi, mbele ya wazee wanne, nikanukuu ushahidi wake mwenyewe: "Hamoud, wewe ulisimama mbele ya shekhe ukasema babu yako alimbeba babu yangu mgongoni. Sasa unataka kitukuu wa aliyebeba amwoe kitukuu wa aliyebebwa?"

Akakinyanyua kile kikombe akakinywa, kimepoa, mpaka tone la mwisho, akakitikisa kama mtu aliyeshiba, akanirudishia. Maana yake, haja ameiondoa. Mlangoni akanishika bega akasema polepole, wengine wasisikie, "Umekuwa Mwarabu hasa, Musallam." Akaishi miaka minane baadaye na siri yangu mdomoni, akafa nayo. Neno moja lake lingenimaliza. Hakulisema, na nilimchukia kwa hilo mpaka nilipomtia udongo.

Hatem alirudi mara mbili peke yake. Mara ya mwisho nilimwacha nje kwenye jua tangu adhuhuri mpaka alasiri, na wewe Shurooq ulikuwa juu dirishani unamtazama, na mimi nilikuwa chini nakutazama wewe kwenye kioo cha gari. Akaoa kwengine, akafiwa na mke. Wewe ulibaki. Miaka sita hii umenipa vidonge asubuhi na jioni na hujakosea hata kimoja, na kila nikimeza najiuliza kwa nini hukosei.

Msidhani nimepata roho mpya. Nnaogopa tu. Nakwenda kwa Mola ambaye mbele yake hapana shahidi wa uwongo, na nimekata hesabu zangu nikaona bora aibu ya hapa. Mwenye kulipa aibu hiyo si mimi, nalijua hilo. Mimi nakufa. Ni Balqees. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo.

Basi Jumamosi nilimwita imamu na jirani yetu, nikaandikisha yote haya, wakatia sahihi. Nikamwita Hatem. Alikuja na nguo za kazi, akabaki amesimama. "Shikamoo, ami. Nasikia unaumwa." Nikampa karatasi. Akaisoma, akarejea kuisoma, akaikunja akaitia mfukoni mwa shati. Nilimwambia habari ya fleti, akasema, "Wape ndugu zangu, mimi nna pa kulala." Nikamngoja alie, au anitukane, au anipige. Akauliza kitu kimoja tu, "Harusi ya Balqees lini?"

Nikasema, "Alkhamisi."

"Ntakuja," alisema. Akanifunika miguu kwa shuka akaondoka.

Jirani hakuweza kuweka siri hata siku mbili, na jana Aflah ukajua. Na leo asubuhi baada ya kunibusu mkono ulitoka ukasimama hapo ukumbini ukamwambia dada yako, mkidhani nimelala, "Tukuoze kwa Hatem. Mtu hawaumbui wakwe zake." Nilikusikia. Na nilimsikia Shurooq akicheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu alipokuwa msichana, akakujibu, "Miaka ishirini na moja sikufaa kuolewa naye kwa ajili ya nasaba. Leo nimefaa, kwa ajili ya nasaba ile ile." Ukamwambia, "Si ulimtaka?" Mwanangu, wewe ni mwanangu kweli. Sikuhitaji shekhe kuthibitisha hilo.

Sikieni amri zangu, sitakuwa na pumzi ya kuzirudia. Shurooq haendi Rusayl kuwa kizibo cha mdomo wa mtu. Aflah, mimi nikifa wewe ndiye walii wake, mwenye kumwoza. Mwaka ukipita baada ya arobaini yangu, akija Hatem au asipokuja, utamuuliza dada yako kama anataka, kisha utafumba mdomo mpaka ajibu, na atakalojibu ndilo. Hilo la kwanza.

La pili, kabla ya Alkhamisi utakwenda mwenyewe kwa baba wa bwana harusi. Usimngojee Hatem akuamulie. Utakaa barazani kwake, atakupa kahawa, utaiweka chini, utamwambia Seif alikufa na miaka tisa. Wakiendelea na harusi, wameioa damu ya Feruzi kwa macho yao. Wakirudisha posa, wairudishe. Najua watairudisha. Mimi ningeirudisha.

La tatu, mazikoni mtangaze jina. Musallam bin Nasr bin Feruzi. Imamu anajua, lakini... lakini aseme mtoto wangu. Wewe. Kwa sauti.

Shurooq, sikuombi radhi. Nilikunyima mume nikamnyima Hamoud jina, na sasa namharibia mtoto wa kaka yako harusi ili mimi nilale vizuri. Ulinambia jana usiku, "Baba, usimfanyie Balqees uliyonifanyia mimi." Nimeshamfanyia. Sikujua njia nyengine ya... Geuza mto. Hivyo. Nielekezeni kibla, bega la kulia. Taratibu.

Inueni mikono. Ee Mola, hawa wanangu, wape... wape kusema kweli wakingali na nguvu. Usiwalipize yangu. Mrehemu Feruzi aliyebeba. Mrehemu Mabruki. Mrehemu Hamoud, mpe jina lake mbele yako. Na Balqees, Ee Mola, mpe mume asiyemuuliza babu yake ni nani. Itikieni amin.

Nani huyo? Nimesikia amin moja tu, na si sauti ya Shurooq. Imetoka mlangoni.

Balqees?

Tangu lini umesimama hapo, mama... Tangu habari ya hekalu, unasema. Basi umeyasikia ya kutosha. Usilie, sina... sina pumzi ya kukubembeleza.

Aflah. Mpishe mtoto kiti.